Jinsi ya kupima sifa zisizo za mstari za mwanga katika miundo ya nano ya oksidi ya zinki: mwongozo kamili

Chukua unga mweupe wa oksidi ya zinki, ule ule unaotiwa kwenye krimu za kukinga jua. Upige kwa mapigo makali ya leza ya nanomita 1064, mwanga ambao jicho halioni kabisa. Ukali ukitosha, unga unarudisha mng'ao wa kijani. Kijani hicho hakikuwemo kwenye leza wala kwenye unga. Kimezaliwa pale fotoni mbili za nanomita 1064 zilipoungana ndani ya fuwele zikawa fotoni moja ya nanomita 532.

Hiyo ndiyo sifa isiyo ya mstari. Kwa mwanga wa kawaida, ukiongeza mwanga unaoingia mara mbili, unaotoka nao huongezeka mara mbili, na grafu yake ni mstari ulionyooka. Mwanga ukiwa mkali sana, mstari huo unapinda: fuwele inatoa rangi mpya, au inaanza kufyonza mwanga uliokuwa ukipita bila shida, au inageuka kuwa kama lenzi na kuukusanya au kuutawanya mwali. Ni mambo matatu tofauti na hupimwa kwa njia tofauti. Hapa nitakaa sana kwenye mawili ya mwisho, yaani ufyonzaji na upindaji wa mwanga kwa njia ya skani ya Z (kuitembeza sampuli kupita kwenye fokasi ya lenzi huku ukipima mwanga unaopita), kwa sababu ndiko watu wengi huumia. La rangi mpya nitaligusa kuelekea mwisho.

Niseme mapema ninachokiamini. Sehemu kubwa ya namba za kutisha zinazotajwa kuhusu oksidi ya zinki ya nano ni joto lililovaa koti la fizikia ya kwanta. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili usijidanganye.

Kwanza, kalamu na karatasi

Oksidi ya zinki ina pengo la nishati, yaani nishati ya chini inayohitajika kuikomboa elektroni, la elektroni-volti 3.37 hivi katika joto la kawaida la chumba. Fuwele yake ni ya aina ya wurtzite, isiyo na kitovu cha ulinganifu, na ndiyo maana inaruhusiwa kuzaa hamoniki ya pili, yaani ile rangi mpya yenye nusu ya urefu wa wimbi wa leza. Eksitoni yake, yaani elektroni na tundu lake wakiwa wameshikana, imefungwa kwa mili-elektroni-volti 60, wakati joto la chumba lina nguvu ya 25 tu, kwa hiyo haivunjiki ovyo. Ukubwa wa eksitoni hiyo ni nanomita 2 na kidogo kwa nusu kipenyo. Chembe yako ikiwa pana kuliko nanomita 10, usitarajie maajabu ya kwanta kwa sababu ya udogo wake pekee.

Sasa hesabu ya msingi. Nishati ya fotoni kwa elektroni-volti ni 1240 gawanya kwa urefu wa wimbi kwa nanomita. Leza ya 532 inakupa 2.33. Moja haivuki pengo la 3.37, mbili zinafika 4.66 na zinavuka kwa raha: hapo kuna ufyonzaji wa fotoni mbili. Leza ya 1064 inakupa 1.17, kwa hiyo mbili hazifiki na tatu zinafika 3.50, zinapita kwa shida. Leza ya 800 inakupa 1.55, mbili ni 3.10. Hazifiki!

Simama hapo kwenye 800, maana leza hizo zimejaa maabara. Mtu anapima kwa nanomita 800, anaona bonde kwenye grafu, anaandika "ufyonzaji wa fotoni mbili" bila kujiuliza fotoni hizo mbili zimevukaje pengo ambalo ni pana kuliko jumla yao. Huenda zimepitia kasoro za fuwele, huenda ni fotoni tatu. Vyote vinawezekana, ila lazima uonyeshe ni kipi. Njia ya kuonyesha ni rahisi: pima kina cha bonde kwa ukali tofauti wa mwanga, kisha chora logi ya kina dhidi ya logi ya ukali. Mteremko ukiwa 1, ni fotoni mbili. Ukiwa 2, ni fotoni tatu.

Hatua ya 1: Chagua mpigo kabla ya kuchagua sampuli

Urefu wa wimbi unaamua fotoni ngapi zinahitajika. Urefu wa mpigo unaamua kama utapima elektroni au utapima joto.

Mpigo wa femtosekunde mia moja unaisha kabla kimiminika hakijapata nafasi ya kutanuka. Mpigo wa pikosekunde chache au makumi nao ni salama kwa upande huo. Mpigo wa nanosekunde kadhaa uko mpakani. Ili joto ligeuke lenzi, kimiminika lazima kitanuke, na kutanuka huko husafiri kwa kasi ya sauti. Kama doa la leza lina nusu kipenyo cha mikromita 20 na sauti ndani ya ethanoli inakwenda takriban mita 1,150 kwa sekunde, muda unaohitajika ni nanosekunde 17 hivi. Mpigo wa nanosekunde 7 umeshaanza kuonja lenzi ya joto kabla haujaisha.

Kasi ya kurudia mapigo nayo ni mtego. Joto kwenye doa hilo la mikromita 20 ndani ya ethanoli huchukua kama milisekunde 1 kupoa. Leza inayopiga mara milioni 80 kwa sekunde inaachia nanosekunde 12.5 tu kati ya mpigo na mpigo. Sampuli haipoi hata siku moja. Hata kama kila mpigo ni wa femtosekunde, kwa joto leza hiyo ni kama taa inayowaka muda wote. Kama unaweza, shuka hadi mapigo 10 au 100 kwa sekunde.

Vipi ukiwa na leza isiyokatika, ya miliwati 10? Piga hesabu uone. Kwenye doa la mikromita 20 inakupa kilowati 1.6 kwa sentimita ya mraba. Upindaji usio wa mstari wa fuwele safi ya oksidi ya zinki uko kwenye daraja la 10⁻¹⁴ cm²/W. Zidisha kwa ukali huo, kwa unene wa milimita 1 na kwa 2π gawanya kwa urefu wa wimbi, na utapata badiliko la fezi (kuchelewa kwa wimbi) la sehemu mbili kwa milioni kumi ya radiani, ambalo hakuna kifaa cha kawaida kitakachoona. Kwa hiyo leza hiyo ikikupa kilele na bonde vya kupendeza, umepima joto. Si dhambi kupima joto. Dhambi ni kuliita jina lingine.

Hatua ya 2: Andaa sampuli inayopimika

Kwa chembe ndogo za kuelea kwenye kimiminika, njia rahisi ni kuyeyusha asetati ya zinki ndani ya methanoli, kuipasha hadi nyuzi 60 hivi, kisha kudondosha polepole hidroksidi ya potasiamu iliyoyeyushwa katika methanoli hiyo hiyo huku ukikoroga. Baada ya saa mbili hivi unapata chembe za nanomita 5 hivi. Zioshe kwa mashine ya kuzungusha, zitawanye tena, na uzitumie ndani ya siku chache. Zikikaa, ndogo huyeyuka na kubwa hunenepa, na sampuli ya leo si ile uliyoipima wiki iliyopita. Methanoli ni sumu na inashika moto, kwa hiyo fanyia kazi hii kwenye kabati la kuvuta hewa.

Kwa vijiti vya nano vilivyosimama, anza na mbegu. Dondosha asetati ya zinki iliyoyeyushwa katika ethanoli juu ya kioo, iache ikauke, rudia mara tatu hadi tano, kisha choma kwenye tanuri kwa nyuzi 350 kwa dakika 20. Andaa maji yaliyokenekwa yenye nitrati ya zinki na heksamini, kila moja milimoli 25 kwa lita, uyatie kwenye chupa na uiweke kwenye nyuzi 90 kwa saa tatu. Kioo kiegemee kikiwa kimeelekeza uso wa mbegu chini. Hili linasahauliwa mno. Wakati wa kukua, vijiti vingi huzaliwa katikati ya maji na kuzama kama theluji. Uso ukiwa juu vitauangukia, na kesho yake utakuta tabaka lililovurugika juu ya tabaka zuri. Fungua chupa penye hewa pia, kwa kuwa heksamini inapovunjika inatoa amonia na fomaldehidi.

Sasa ushauri ambao wengi hawaupendi: vijiti vilivyosimama ni sampuli mbaya kwa skani ya Z. Kijiti cha nanomita 100 hutawanya mwanga, na tabaka lake huonekana kama maziwa. Mwanga uliotawanyika haufiki kwenye kigunduzi, na kigunduzi hakijui kutofautisha mwanga uliofyonzwa na mwanga uliopotea njia. Kwa skani ya Z tumia tabaka laini linalopitisha mwanga, au chembe ndogo kwenye kimiminika kilicho wazi. Vijiti viweke kwa ajili ya hamoniki ya pili, ambako vinang'ara.

Hatua ya 3: Ijue sampuli kwa mwanga wa kawaida

Pima spektra ya ufyonzaji kuanzia nanomita 300 hadi 1100. Ukingo wa ufyonzaji wa fuwele kubwa uko karibu na nanomita 370. Chembe za nanomita chache huusogeza kuelekea 350. Muhimu zaidi ni kiasi kinachofyonzwa kwenye urefu wa wimbi wa leza yako. Oksidi ya zinki safi haipaswi kufyonza kitu kwenye 532, na ikifyonza, aidha inatawanya au ina kasoro.

Mwangaza wa fotoni utakueleza zaidi. Ipige sampuli kwa nanomita 325 hadi 350 uone inatoa nini. Kilele chembamba karibu na 380 ni eksitoni. Mlima mpana wa kijani kati ya 500 na 550 ni kasoro za fuwele. Kijani kikizidi, tarajia kwamba leza yako ya 532 itafyonzwa fotoni moja moja na kuzaa joto, kisha ukirejea hatua ya 1 utajua linaelekea wapi.

Kwa kipimo cha mtawanyiko wa eksirei zitokazo kwenye shaba, vilele vya utambulisho viko kwenye nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3. Tabaka lililosimama kufuata mhimili wa c, yaani mhimili mkuu wa fuwele, litaonyesha 34.4 pekee kwa nguvu. Pima na unene wa tabaka kwa darubini ya elektroni ukilitazama ubavuni. Kosa la unene linaingia moja kwa moja kwenye jibu lako.

Hatua ya 4: Jenga mtambo wa skani ya Z

Njia hii ilitolewa na Mansoor Sheik-Bahae na wenzake mwaka 1989, wakaieleza kwa kirefu mwaka 1990. Uzuri wake ni kwamba inataka mwali mmoja tu. Sampuli inatembezwa kwenye mhimili wa mwali, z, ikipita katikati ya fokasi ya lenzi. Mbali na fokasi mwanga ni hafifu na hakuna kinachotokea. Karibu na fokasi mwanga ni mkali na sampuli inaonyesha tabia yake.

Mpangilio ni huu. Leza, kisha bamba la nusu wimbi na polaraiza kwa ajili ya kupunguza nguvu, kisha kioo cha kugawa kinachotoa asilimia chache kwenda kigunduzi cha marejeo. Baada ya hapo lenzi ya sentimita 20, halafu sampuli kwenye meza inayosogezwa na mota. Nyuma ya sampuli gawa mwali mara mbili: nusu ipite kwenye lenzi pana inayokusanya kila kitu hadi kigunduzi cha kwanza, hiyo ndiyo skani ya wazi, na nusu ipite kwenye kitundu kidogo hadi kigunduzi cha pili, hiyo ndiyo skani ya kitundu. Kitundu kinachopitisha asilimia 30 ya mwanga kinatosha.

Mwali wa 532 wenye nusu kipenyo cha milimita 1.7 ukiingia kwenye lenzi hiyo utakupa doa la mikromita 20. Urefu wa Rayleigh, z₀, ni π mara mraba wa doa gawanya kwa urefu wa wimbi, yaani milimita 2.4 hivi. Sampuli iwe nyembamba kuliko hapo, na kuveti (kichupa bapa cha kupimia kimiminika) ya milimita 1 inafaa. Ile ya sentimita 1 inayopatikana kila mahali haifai hata kidogo. Tembeza sampuli kutoka milimita 20 kabla ya fokasi, upande wa lenzi, hadi 20 baada yake, kwa hatua za nusu milimita, na katikati robo milimita.

Usikubali doa la kwenye karatasi ya hesabu. Lipime kwa wembe. Usogeze wembe ukikata mwali pale kwenye fokasi na urekodi mwanga unaobaki. Umbali kati ya pale unapobaki asilimia 84 na pale unapobaki asilimia 16 ndio nusu kipenyo chenyewe. Ukali wa mwanga unategemea mraba wa namba hii, hivyo kukosea doa kwa asilimia 10 ni kukosea ukali kwa asilimia 20.

Miwani ya kinga ivaliwe kabla leza haijawashwa, na iwe ya urefu wa wimbi wako. Miwani ya 532 haikulindi na 1064. Vua saa na pete. Mwali usiwe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeketi.

Hatua ya 5: Mpime shahidi unayemjua

Kabla ya sampuli yako, weka kitu ambacho majibu yake yanafahamika. Watu wengi hutumia disalfidi ya kaboni, ambayo kwa mapigo ya pikosekunde ina upindaji usio wa mstari wa takriban 3 × 10⁻¹⁴ cm²/W. Ni sumu na inashika moto upesi mno, kwa hiyo iwe kwenye kuveti iliyozibwa.

Tuseme leza yako ina mpigo wa pikosekunde 25 na nishati ya mikrojuli 0.1. Nguvu ya kilele ni 0.94 mara nishati gawanya kwa muda, yaani kilowati 3.8. Ukali katikati ya doa ni mara mbili ya nguvu hiyo gawanya kwa π mara mraba wa doa: gigawati 0.6 kwa sentimita ya mraba. Ndani ya kuveti ya milimita 1 badiliko la fezi linakuwa radiani 0.21. Tofauti kati ya kilele na bonde ni 0.406 mara fezi hiyo, ukipunguza kidogo kwa ajili ya kitundu na kugawa kwa kipeuo cha pili cha 2 kwa sababu mpigo hauna ukali sawa mwanzo hadi mwisho. Unapaswa kuona asilimia 5 hadi 6. Bonde litangulia, kilele kifuate, kwa kuwa disalfidi ya kaboni hukusanya mwanga.

Ukiona asilimia 15, usianze kushangilia. Doa lako, nishati yako au muda wa mpigo una kosa. Rudi ulitafute.

Hatua ya 6: Skani ya wazi

Hapa unatafuta ufyonzaji. Sampuli ikifika kwenye fokasi, mwanga unaopita unapungua na grafu inachora bonde lenye pande zinazolingana. Kina cha bonde ni takriban q₀ gawanya kwa 2.83, na q₀ ni zao la vitu vitatu: β (kipimo cha nguvu ya ufyonzaji wa fotoni mbili), ukali wa mwanga, na unene halisi wa sampuli. Kanuni hii inafaa q₀ ikiwa ndogo sana kuliko 1.

Kwa fuwele kubwa ya oksidi ya zinki kwenye 532, β ni kama 4 hadi 5 cm/GW. Chukua 5. Fuwele ya nusu milimita chini ya gigawati 1.2 kwa sentimita ya mraba inatoa q₀ ya 0.3 na bonde la asilimia 11. Grafu nzuri, hakuna ubishi.

Sasa chukua tabaka la nanomita 500 la dutu hiyo hiyo, na uongeze ukali hadi gigawati 6. q₀ ni 0.0015, na bonde ni asilimia 0.05. Limezama ndani ya kelele za leza. Ukitumia femtosekunde na kufika gigawati 100 kwa sentimita ya mraba, unafika karibu asilimia 0.9, na hapo kwa subira na wastani wa mapigo mengi unaanza kuona kitu.

Na chembe kwenye kimiminika? Miligramu 1 kwa mililita, kwa dutu yenye uzito wa gramu 5.6 kwa sentimita ya ujazo, ni sehemu 1.8 kwa 10,000 za ujazo. Kuveti ya milimita 1 ina oksidi ya zinki sawa na tabaka la mikromita 0.18. Ni chini hata ya lile tabaka.

Nayajua haya kwa sababu yalinipata. Niliwahi kupata bonde la asilimia 20 kutoka kwenye kimiminika cha aina hiyo, kwa mapigo ya nanosekunde, na kwa wiki mbili nilitembea nikijiona nimegundua kitu. Ndipo jioni moja nikazima taa ya chumba na kutazama kuveti kwa ubavu, nimevaa miwani. Kila sampuli ilipofika kwenye fokasi, kimiminika kilimulika kama cheche na mwanga ukaruka pande zote. Hakikuwa kikifyonza. Kilikuwa kikitawanya, viputo vidogo vikizaliwa kuzunguka chembe zenye joto. Tangu siku hiyo naweka kigunduzi cha tatu ubavuni mwa sampuli, nyuzi 90 kutoka kwenye mwali. Skani ya wazi ikichora bonde na kigunduzi cha ubavuni kikachora kilele mahali pale pale, unajua mwanga umekwenda wapi.

Fanya na majaribio mawili ya haraka. Skani kimiminika kitupu kisicho na chembe. Kisha, kwa tabaka, anza na skani ya nishati ndogo, fuata ile kubwa, malizia tena kwa ndogo. Zile ndogo mbili zisipofanana, umechoma sampuli na skani ya katikati ni ya kutupwa. Ile ndogo ya kwanza pia inakusaidia kuondoa mabonde bandia yanayotokana na uso wenye mawimbi. Usisahau kwamba uso wa tabaka la oksidi ya zinki unarudisha takriban asilimia 11 ya mwanga kabla haujaingia ndani.

Hatua ya 7: Skani ya kitundu na maana ya umbo lake

Gawanya skani ya kitundu kwa skani ya wazi, nukta kwa nukta, ili uondoe mchango wa ufyonzaji. Kinachobaki ni upindaji. Bonde kisha kilele maana yake sampuli inafanya kazi ya lenzi mbinuko, alama ni chanya. Kilele kisha bonde ni lenzi mbonyeo, alama ni hasi.

Kwa oksidi ya zinki alama yenyewe inasimulia. Nadharia ya semikonda inasema upindaji unaotokana na elektroni zilizofungwa ni chanya nishati ya fotoni ikiwa ndogo, kisha unageuka hasi inapokaribia na kupita 0.7 ya pengo. Gawanya 2.33 kwa 3.37 upate 0.69. Leza ya 532 imekaa juu ya mpaka kabisa. Ongeza na elektroni huru zilizozaliwa na fotoni mbili, ambazo nazo huvuta kuelekea hasi, kisha joto la kimiminika ambalo pia ni hasi. Vitu vitatu vinaweza kusukuma upande mmoja, na mtu anayesema "alama ni hasi, kwa hiyo ni elektroni" hajathibitisha lolote.

Tenganisha hivi. Pima umbali kati ya kilele na bonde. Kwa upindaji wa daraja la tatu ulio safi, yaani ule wa elektroni zilizofungwa pekee, unapaswa kuwa z₀ mara 1.7, yaani milimita 4 kwenye mtambo wetu. Ukisogea kuelekea z₀ mara 1.2, elektroni huru zinaongoza. Kisha chora upindaji uliopata dhidi ya ukali wa mwanga. Mstari ukilala, ni daraja la tatu. Ukipanda kwa mteremko, elektroni huru zimeingia, na mahali mstari huo unapokata mhimili wa ukali sifuri ndipo thamani ya elektroni zilizofungwa ilipo. Mwisho punguza kasi ya kurudia mapigo mara kumi bila kugusa nishati ya mpigo. Ishara ikishuka, ile sehemu iliyopotea ilikuwa joto.

Hatua ya 8: Hamoniki ya pili kutoka kwenye vijiti

Hapa vijiti vinapata haki yao. Tumia 1064 au 800. Kabla ya sampuli weka kichujio kinachozuia mawimbi mafupi, kwa sababu vioo na lenzi zako vinaweza kuzaa hamoniki yao wenyewe. Baada ya sampuli weka kichujio kinachozuia leza, kisha spektromita.

Ukipiga kwa 800, hamoniki itakaa 400 kamili na itakuwa nyembamba kama leza yenyewe. Ukiona mlima mpana karibu na 385, huo ni mwangaza wa eksitoni uliochochewa na fotoni zaidi ya moja, si hamoniki. Thibitisha kwa mteremko: logi ya ishara dhidi ya logi ya nguvu ya leza iwe 2.

Sasa jambo linalowachanganya wanaoanza. Unaweka vijiti vizuri vilivyosimama wima, unapiga mwali moja kwa moja juu yake, unapata karibu sifuri. Sampuli haina kosa. Mhimili wa c umeelekea ulikotoka mwanga, na uga wa umeme wa mwanga unatikisika kando yake, haugusi sehemu ya fuwele yenye nguvu. Na kinachozaliwa kidogo kinatikisika kufuata mhimili wa c wenyewe, hivyo hakiwezi kutoka mbele. Inamisha sampuli nyuzi 45 hadi 60, na mtetemo wa mwanga uwe ndani ya bapa la kuinama. Ishara inaruka. Chora ishara dhidi ya pembe kuanzia nyuzi -70 hadi 70: kwenye sifuri pawe na bonde la kina. Bonde hilo likiwa halifiki chini, vijiti vyako havijasimama sawasawa kama ulivyofikiri, na umepata bure kipimo cha mpangilio wao.

Kwa namba kamili, weka bamba la kwazi mahali pale pale na ulinganishe. Kwenye 1064 kipimo chake, d₁₁, ni pikomita 0.30 kwa volti.

Hatua ya 9: Kuandika matokeo

Kando ya kila β na kila upindaji uandike urefu wa wimbi, muda wa mpigo, kasi ya kurudia, doa lililopimwa kwa wembe, ukali wa juu kabisa, unene, na ujazo wa chembe kama ni kimiminika. Sema kama namba ni ya mchanganyiko mzima au umeigawa kwa ujazo wa chembe, kwani tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa mara elfu kadhaa. Weka grafu ya kimiminika kitupu kwenye picha ile ile na grafu ya sampuli, kwa mizani ile ile. Ambatanisha skani za nishati ndogo za kabla na baada. Na kama ulicho nacho ni leza isiyokatika pekee, andika "upindaji wa joto" kwenye kichwa cha ripoti, kisha pima vizuri jinsi unavyobadilika na nguvu ya leza na aina ya kimiminika. Kwa vifaa vya kukinga dhidi ya mwali mkali, kipimo hicho nacho kina kazi yake.